A priori: kujua bila kwenda kuona

Katika soko la Kibuye mjini Kisumu, mama anayeuza mahindi hupima kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili unaojulikana katika kila jiko la magharibi mwa Kenya. Tuseme amekumiminia gorogoro saba kwenye gunia, kisha umenunua nyingine tano kwa jirani yake, nazo zikamiminwa humo humo. Unafika nyumbani, unapima upya, unapata kumi na moja. Utafanya nini?

Utapima tena. Ukipata kumi na moja kwa mara ya pili, utaanza kushuku: labda gunia lina tundu, labda mkebe wako ni mkubwa kuliko wa sokoni, labda kuna aliyechota njiani. Utamshuku boda boda aliyekubebea mzigo, na mwisho utayashuku macho yako. Jambo moja tu hutalishuku, kwamba saba na tano ni kumi na mbili. Hutarudi Kibuye kutangaza kwamba leo, kwa mahindi haya, saba na tano zimekuwa kumi na moja.

Bei ni jambo jingine. Mama akikuambia gorogoro imepanda tangu wiki jana, huwezi kumjibu kwamba haiwezekani, kwa kuwa bei hujulikana kwa kwenda sokoni na kuuliza. Basi yapo maarifa ambayo dunia inaweza kuyasahihisha wakati wowote, na yapo mengine ambayo sisi tunayatumia kukagua kama tumeihesabu dunia vizuri. Haya ya pili ndiyo wanafalsafa wanayoyaita a priori.

Jina hilo ni la Kilatini, nalo lina maana ya kutokana na kilichotangulia. Mwenzake ni a posteriori, kutokana na kinachofuata. Wasomi wa Zama za Kati, akiwemo Albert wa Saxony katika karne ya 14, waliyatumia maneno haya kutofautisha hoja za aina mbili: ile inayoanzia kwenye chanzo ikashuka hadi matokeo, na ile inayoanzia kwenye matokeo ikapanda hadi chanzo. Maana inayotumika zaidi leo ilikomaa katika karne ya 17 na 18, na aliyeipa sura tunayoijua ni Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Prusia, katika kitabu chake juu ya mipaka ya akili kilichotoka mwaka 1781. Kwa maana hiyo, jambo linajulikana a posteriori ikiwa haki yetu ya kulisema inatokana na tajriba, yaani tulichokiona, tulichokisikia, tulichokipima au tulichoambiwa na walioona. Linajulikana a priori ikiwa haki hiyo haitegemei tajriba yoyote.

Wengi wanapotea hapa, kwa sababu wanasikia “kabla ya tajriba” wakadhani ni suala la kalenda, kwamba mtu huzaliwa akiwa na maarifa hayo kichwani. John Locke, Mwingereza, aliishambulia vikali dhana ya maarifa ya kuzaliwa nayo katika kitabu chenye tarehe ya 1690. Aliuliza, ikiwa kweli hizi zimechorwa katika kila roho, mbona watoto wachanga hawazijui? Swali zuri, lakini haliigusi a priori. Mtoto wa chekechea huko Kakamega hujifunza kujumlisha kwa vifuniko vya soda, na bila vifuniko, vijiti au vidole pengine asingejifunza kabisa. Kant mwenyewe alilikubali hilo mwanzoni kabisa mwa toleo la pili la kitabu chake, mwaka 1787: maarifa yetu yote huanza pamoja na tajriba, ila haifuati kwamba yote yanatoka katika tajriba.

Ona kazi halisi ya vile vifuniko. Vilimsaidia mtoto kuelewa maana ya saba, maana ya tano na maana ya kujumlisha. Akishaelewa, vifuniko havibaki kuwa ushahidi. Mwalimu harudii zoezi kwa maembe, halafu kwa mbuzi, halafu kwa matatu za Busia, ili ahakikishe kwamba jumla haijabadilika. Jinsi tulivyolifikia jambo ni swali moja, na kinacholishikilia lisianguke ni swali jingine. A priori inajibu hili la pili.

Methali zetu nyingi ziko upande wa tajriba. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nazo zina haki yake: hakuna awezaye kuketi Nakuru akafikiri sana mpaka akajua kama kitanda cha nyumba fulani ya wageni kule Kericho kina kunguni. Lakini tukizifanya kuwa kanuni ya maarifa yote, tutakuwa tumefuta sehemu kubwa ya yale tunayoyajua kwa uhakika kuliko yote. Mfano wa kale wa sehemu hiyo uko katika mazungumzo ya Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, yaitwayo Meno, ambamo mwalimu wake Socrates anamhoji kijana mtumwa ambaye hajawahi kufundishwa jiometria. Nitauhamishia kwenye ploti, maana sisi watu wa Nakuru tunaielewa lugha hiyo.

Una ploti ya mraba, futi 50 kwa 50. Unataka nyingine ya mraba yenye eneo mara mbili. Upande wake uwe futi ngapi? Wengi hujibu haraka kama kijana yule: zidisha upande kwa mbili, uwe 100. Lakini 50 kwa 50 ni futi za mraba 2,500, na 100 kwa 100 ni 10,000, ambazo ni mara nne. Basi chukua ploti nne kama yako, uzipange ziwe mraba mmoja mkubwa wa 100 kwa 100. Katika kila ploti piga mstari kutoka kona moja hadi kona inayoikabili, kwa namna kwamba mistari yote minne ikutane na kuzunguka kitovu. Umepata mraba mpya ulioinama ndani ya ule mkubwa. Kila ploti imekatwa nusu kwa nusu, na nusu iliyoko ndani ni sawa na iliyoko nje. Kwa hiyo mraba wa ndani ni nusu ya 10,000, yaani 5,000, na hiyo ndiyo mara mbili ya 2,500. Upande unaoutafuta ni ule mstari wa kona hadi kona, futi 70 na kitu.

Hakuna ardhi iliyopimwa. Socrates aliuliza maswali tu, kijana akajibu, akakosea, akajirekebisha, mwishowe akaona. Plato alidhani kijana alikuwa akikumbuka yale roho yake iliyoyajua kabla ya kuzaliwa, lakini si lazima tumfuate huko ili tukubali kwamba kijana aliona kitu cha kweli kwa kufikiri. Na ukitaka kuona mpaka wa uwezo huo, jiulize kama hatimiliki ya hiyo ploti ni halali. Hapo hata ukikesha ukifikiri hutafika popote. Itakubidi uende ofisi ya ardhi, sajili ifunguliwe, utazame jina lililoandikwa.

Kant alitaja alama mbili za kuitambua a priori: ulazima, na ujumla usioruhusu kisa hata kimoja kuachwa nje. Tajriba hutuambia jambo liko hivi. Haituambii kwamba haliwezi kuwa vingine. Wakazi wa Nakuru wanalielewa hilo kuliko wengi. Kwa miaka mingi ziwa lilikuwa na ufuo uliozoeleka na flamingo waliofunika kingo kwa rangi ya waridi. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2010 maji yakapanda, yakameza barabara na majengo ya hifadhi, na wengi wa ndege wale wakahamia maziwa mengine ya Bonde la Ufa. Hakuna kanuni ya akili iliyovunjika, kwa sababu kauli “flamingo wako Ziwa Nakuru” haikuwahi kuwa ya lazima. Hata “flamingo wote ni wa waridi” si kweli: makinda wao ni wa kijivu, na rangi ile huwajia kutokana na chakula wanachokula katika maji ya magadi. Nani angelijua hilo kwa kukaa na kutafakari neno flamingo?

David Hume wa Uskoti alilisema jambo hili kwa ukali zaidi mwaka 1748. Alisema Adamu, hata kama akili yake ilikuwa kamili tangu siku ya kwanza, asingeweza kujua kwa kuyatazama maji na ungavu wake kwamba yangeweza kumkaba pumzi. Uhusiano wa chanzo na tokeo, kwa Hume, ni mazoea tunayojifunza kwa kuona mambo yakifuatana. Kant anasema ni hoja hii iliyomwamsha kutoka katika usingizi wa kuamini bila kuhoji.

Watu pia hulegeza neno hili. Kant anamtaja mtu aliyechimba chini ya msingi wa nyumba yake mwenyewe. Tunasema angeweza kujua mapema kwamba itaanguka, bila kungoja ianguke. Lakini huko si kujua a priori kwa ukamilifu, maana ilimpasa kwanza awe amejifunza, kwa tajriba, kwamba vitu ni vizito na huanguka vikikosa cha kuvishikilia. Fundi wa ujenzi anayekataa kujenga ghorofa juu ya udongo fulani yuko katika hali hiyo hiyo. Hajaona jengo lile likianguka, ila ameona mengi mengine. Kutabiri kwa busara ni sifa kubwa, lakini si a priori.

Hapa inabidi niingize tofauti moja ambayo vitabu huichanganya na hii. Kauli “kila mbuta ni samaki” ni kweli kwa sababu usamaki umo tayari ndani ya dhana ya mbuta. Wanafalsafa huiita kauli changanuzi. Kauli “mbuta aliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950” inaongeza habari ambayo dhana ya mbuta haina. Ni kauli unganishi, na tunaijua kwa kumbukumbu za historia. Ukiishia hapo utadhani kila a priori ni kufungua tu maana ya neno, kama mtu anayetoa mfukoni shilingi aliyoitia mwenyewe. Kant alikataa. Alishikilia kwamba zipo kauli zinazoongeza maarifa kwelikweli na bado hazitegemei tajriba, na mfano wake maarufu ni huo huo wa saba na tano: unaweza kuifikiria saba, ukaifikiria tano na kuunganisha kwake, bila kumi na mbili kuwa tayari imo ndani ya mawazo hayo. Gottlob Frege, Mjerumani, alimpinga mwaka 1884 akisema hesabu ni tawi la mantiki tu. Mabishano hayo hayajaisha. Mimi naegemea upande wa Kant kwa kiasi hiki: kufikiri kunaweza kutupa jambo ambalo hatukulijua kabisa tulipoanza.

Sababu yangu inatoka katika mji wa Kant mwenyewe, Königsberg, ambao leo ni Kaliningrad nchini Urusi. Mto uliugawa mji ule katika vipande vinne vya ardhi, na madaraja saba yaliviunganisha. Wakazi walijiuliza kama mtu anaweza kutembea akavuka kila daraja mara moja tu, bila kurudia hata moja. Walijaribu na wakashindwa, lakini kushindwa hakuthibitishi kitu. Huenda njia ipo, hawajaigundua tu. Mwaka 1735, Kant akiwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, mwanahisabati Leonhard Euler aliwasilisha jibu, na jibu hilo halikuhitaji mguu wa mtu kukanyaga daraja lolote.

Hoja yake ni hii. Kila unapopita katika kipande cha ardhi, unaingia kwa daraja moja na kutoka kwa jingine. Kwa hiyo madaraja ya kipande unachopita tu lazima yaende kwa jozi. Kipande chenye madaraja ya idadi witiri hakiwezi kuwa cha kupita tu. Ni lazima kiwe pale ulipoanzia safari au pale ulipoishia. Safari moja ina mwanzo mmoja na mwisho mmoja, hivyo vipande vya namna hiyo haviwezi kuzidi viwili. Königsberg ilikuwa na vinne: kimoja kilikuwa na madaraja matano, na vitatu vilikuwa na matatu kila kimoja. Basi safari ile haikuwezekana, wala haitawezekana kamwe kwa mpangilio huo. Hata boda boda hodari wa Kondele apewe mafuta ya mwaka mzima, hataipata.

Mambo mawili yamefumwa pamoja hapa. Kwamba madaraja yalikuwa saba na yamekaa vile, hilo lilijulikana kwa kuona, na mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia yalipobomoa baadhi yake, ukweli huo ukabadilika. Kwamba madaraja saba yaliyokaa vile hayavukiki kwa safari moja bila kurudia, hakuna bomu linaloweza kulibadilisha. Ukijifunza kutenganisha nyuzi hizi mbili katika hoja moja, umeielewa a priori kuliko mtu aliyekariri fasili yake.

Tuijaribu mbinu hiyo kwa hoja ya nyumbani. Henry Odera Oruka, mwanafalsafa mzaliwa wa Siaya aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi hadi kifo chake mwaka 1995, alizunguka vijijini akihoji wazee wenye hekima, kwa sababu alikataa madai kwamba Mwafrika wa kijijini ana mila tu na hana falsafa. Miongoni mwao alikuwa Mzee Paul Mbuya Akoko, Mluo. Mzee Mbuya alishikilia kwamba Mungu ni mmoja kwa watu wote, na akatoa hoja. Kungekuwa na miungu mingi yenye uwezo sawa, maumbile yangekuwa vurugu, kwa kuwa miungu hiyo ingegombana. Lakini maumbile hayana vurugu: mbwa huzaa mbwa, hazai paka, na paka hazai kuku. Kwa hiyo nia moja kuu ndiyo inayotawala.

Chambua. Kauli ya kwanza, kwamba miungu mingi ingeleta vurugu, haitokani na macho ya mtu, kwani hakuna aliyewahi kutembelea ulimwengu wenye miungu mingi akarudi na habari. Inasimama au kuanguka kwa kufikiri tu. Hata pingamizi lake ni la kufikiri: je, miungu sawa haiwezi kupatana? Kauli ya pili, kwamba mbwa huzaa mbwa, ni tajriba tupu, na kila boma la Nyanza lina shahidi wake. Halafu kuna kiungo: kama hili lingekuwepo, lile lingefuata; lile halipo; basi na hili halipo. Uhalali wa kiungo hicho ni a priori, na ungebaki vile vile hata kama Mzee angekuwa anazungumzia mvua au madeni. Mtu wa Zama za Kati angeiita hoja nzima a posteriori, maana inatoka kwenye matokeo kwenda kwenye chanzo. Ndiyo maana inafaa kumuuliza anayelitumia neno hili analitumia kwa maana ipi kabla ya kubishana naye.

Matumizi moja yananiuma. Katika mazungumzo ya wasomi utasikia mtu akisema “nimehukumu a priori” akimaanisha amehukumu kabla ya kusikiliza. Nakuru ni miongoni mwa miji iliyoumizwa vibaya na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na moja ya silaha zilizotumika ilikuwa jina la ukoo: ukishalisikia, umeshamjua mwenyewe, huhitaji kumwona. Huo ni ubaguzi, nao hauna undugu wowote na a priori. Tabia ya mtu ni jambo la kujulikana kwa kukaa naye, kwa kushuhudia anavyotenda. Anayesema “hao nawajua” ameokota visa viwili vitatu, vingi vya kusimuliwa, akavipa uhakika wa saba na tano. Ni tajriba haba iliyovaa joho la ulazima, na aliye makini na neno hili hana budi kuwa wa kwanza kulivua joho hilo.

Hata hivyo, a priori ya kweli nayo ina historia ya kujikwaa. Kant aliamini kwamba jiometria ya Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, ambayo ndani yake pembe tatu za pembetatu hujumlika nyuzi 180, inaifunga nafasi yote ya dunia na mbingu. Sasa simama Maseno, pale ikweta inapokata barabara ya kwenda Busia. Safiri kwa kuifuata ikweta kuelekea mashariki robo ya mzunguko wa dunia, hadi kwenye maji ya Indonesia. Pinda kushoto moja kwa moja hadi Ncha ya Kaskazini, kisha pinda tena kwa pembe mraba urudi Maseno. Umechora pembetatu yenye pembe mraba tatu, jumla nyuzi 270. Juu ya uso uliopinda, kanuni ni nyingine. Nikolai Lobachevsky alichapisha jiometria tofauti na ya Euclid kuanzia mwaka 1829, na mwaka 1915 Albert Einstein akadai kwamba nafasi yenyewe hupindwa na vitu vizito. Wakati wa kupatwa kwa jua tarehe 29 Mei 1919, waangalizi katika kisiwa cha Príncipe, karibu na pwani ya magharibi ya Afrika, na wengine huko Brazili walipima mwanga wa nyota ukipita karibu na jua, na vipimo vikaafiki utabiri wake.

Kilichoanguka si hoja ya Euclid. Ukikubali misingi yake, nyuzi 180 zinafuata leo kama zilivyofuata zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Kilichoanguka ni imani kwamba akili peke yake inaweza kuamua ni misingi ipi inayoifaa nafasi tunamoishi. Uamuzi huo ulihitaji darubini.

Mwanafunzi wa sekondari anayetaka kuonja tofauti hii kwa mkono wake ana swali lililoulizwa mwaka 1742 na Christian Goldbach katika barua kwa Euler yule yule. Kwa lugha ya leo linasema: kila namba shufwa kubwa kuliko mbili ni jumla ya namba tasa mbili. Nne ni mbili na mbili. Kumi ni tatu na saba. Ishirini na nane ni tano na ishirini na tatu. Kompyuta zimepima namba zote za namna hiyo hadi bilioni bilioni nne, na hakuna iliyokataa. Kwa bei ya mahindi, ushahidi wa wingi huo ungetosha mara elfu. Kwa wanahisabati hautoshi, nao hawasemi kwamba wanajua. Wanangoja hoja itakayofunika namba zote kwa pamoja, zikiwemo zile ambazo hakuna kompyuta itakayozifikia, na mpaka sasa hajatokea wa kuitoa.